Barua 2,200 za asali kutoka Tabora: kisa cha mtumaji aliyeripotiwa taka

Kisa hiki ni cha mfano. Makosa yaliyomo ni yale yanayotokea kila siku. Hesabu za orodha tumezipanga wenyewe ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu mkononi. Viwango vya Google, sheria za nchi na taratibu za barua pepe tunazozitaja ni za kweli.

Mhusika ni ushirika wa wafugaji nyuki mkoani Tabora. Unauza asali ya miombo kwa ndoo za lita 20 (ndoo iliyojaa ina kilo 28 hivi, maana lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4), na nta kidogo. Wateja wa kudumu ni sita, watatu kati yao wako Dar es Salaam. Hao huagiza kwa barua pepe, hupelekewa profoma (hati ya bei inayotangulia malipo) kwa barua pepe, kisha hulipa benki. Mwezi Oktoba katibu aliona njia hiyo hiyo ingeweza kumletea wateja wapya, akatuma tangazo moja kwa anwani 2,200. Wiki mbili baadaye akatuma la pili. Katikati ya Novemba profoma ya mteja mmoja wa Dar es Salaam, mnunuzi wa miaka minne, iliangukia kwenye folda ya taka (spam). Gmail hufuta vilivyomo kwenye folda hiyo baada ya siku 30. Mteja hakuiona, akaamini ushirika umeishiwa mzigo, akachukua ndoo 60 kwingine. Hizo ni kilo 1,680 za asali.

Katibu alilaumu mtandao, kisha akailaumu kampuni iliyompangishia seva. Chanzo kikubwa kilikuwa watu kumi na mmoja walioiripoti barua kuwa taka au utapeli kwa simu au kompyuta zao, kila mtu kwa sababu yake. Tunawafuata hao kwanza, kwa sababu mafundi wengi hukimbilia rekodi za DNS (daftari la mtandao linaloeleza kila jina na seva zake) na kumsahau mtu aliyeshika simu.

Anwani zilikotoka

Anwani 412 zilitoka kwenye daftari la wageni la banda la ushirika wakati wa Nanenane, viwanja vya Ipuli. Hizi ndizo zilizokuwa na afya. Mtu alisimama bandani, akaonja asali, akaandika jina lake kwa mkono wake.

Anwani 655 zilitoka kwenye karatasi za mahudhurio za semina na warsha za miaka mitatu. Kila aliyewahi kuhudhuria semina anaijua karatasi hiyo: jina, taasisi, cheo, namba ya simu, barua pepe, sahihi. Inazungushwa meza kwa meza, na watu wanaijaza ili ithibitike walikuwepo na posho ilipwe. Hakuna aliyeijaza ili atangaziwe asali. Katibu aliona anwani. Wenye anwani, barua ilipofika, waliona mtu aliyechukua kitu ambacho hakupewa.

Anwani 1,133 zilizobaki zilikuwa faili lililonunuliwa kwa kijana anayezikusanya kwenye tovuti kwa programu. Faili la namna hii lina ubaya wa ziada ambao mnunuzi haoni. Baadhi ya anwani huwa hazijawahi kuwa za mtu yeyote: zimewekwa makusudi kwenye kurasa, ili anayekusanya bila ruhusa azinase. Nyingine ni anwani za kale zilizofungwa, zikakataa barua kwa muda mrefu, kisha mwenye seva akazifungua upya ziwe mtego. Barua ikitua kwenye anwani kama hiyo, hakuna utetezi. Mtumaji hakuombwa na mtu, kwa sababu mtu hayupo.

Siku ya kwanza barua 318 zilirudi. Hiyo ni zaidi ya 14 kwa kila 100. Nyingi zilitoka kwenye karatasi za mahudhurio, na chanzo chake ni mwandiko: herufi l ikasomwa tarakimu 1, kistari cha chini kikawa kistari cha kati, mwisho wa anwani ukaandikwa gmail.con au yahoo.co. Sisi tukiona zaidi ya 2 kwa 100 zinarudi, tunasimamisha utumaji siku hiyo hiyo. Katibu hakusimama. Barua za kurudi zilikwenda kwenye kisanduku cha info, ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikifungua.

Barua ilivyoonekana kwenye kioo cha simu

Mpokeaji hasomi barua kisha akaihukumu. Anaihukumu kwanza, na mara nyingi haisomi kabisa. Kwenye orodha ya barua za simu anaona vitu vitatu: jina la mtumaji, kichwa cha habari, na maneno machache ya mwanzo. Hukumu inatoka hapo.

Jina la mtumaji lilikuwa "info". Kichwa cha habari: "TANGAZO MUHIMU!!!" Maneno ya mwanzo: "Habari ya leo, natumaini u mzima wa afya." Tafuta neno asali katika vitu hivyo vitatu. Tafuta Tabora, au ushirika. Hayamo. Hata yule mama mwenye duka aliyeonja asali Ipuli akasema mtanitumia bei, hakuwa na namna ya kujua kuwa hii ndiyo bei aliyoiomba. Na kutoka Agosti hadi Oktoba ni miezi miwili. Siku ile alipita mabanda mengi.

Waliofungua walikuta aya mbili za salamu na kiambatisho cha PDF cha MB 6. Kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na huongezeka kwa theluthi moja, hivyo barua nzima ilikuwa na MB 8 hivi. Anayetumia bando la siku hawezi kulifurahia jambo hilo. Wengine wana agizo la ofisini la kutofungua kiambatisho cha mtu wasiyemjua, na agizo hilo ni zuri.

Chini kabisa palikuwa na maneno yaliyoharibu kuliko yote: lipia oda yako kwa namba hii. Ikafuata namba ya simu ya mweka hazina, yenye jina lake binafsi. Mtanzania yeyote mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Miaka ya ujumbe huo imewafundisha watu kuwa namba ya simu, jina wasilolijua na ombi la pesa vikikaa pamoja, huo ni utapeli. Mweka hazina ni mtu mwaminifu, lakini barua yake ilivaa nguo za tapeli, na mpokeaji hana kitu kingine cha kutazama ila nguo.

Watu kumi na mmoja

Kati ya barua 1,882 ambazo hazikurudi, 1,310 zilikwenda kwa watumiaji wa Gmail. Kati ya hizo 1,050 ziliingia kwenye kikasha, nyingine zilikwenda taka moja kwa moja. Walioripoti walikuwa 11. Tunawajua kwa sababu kisa tumekipanga. Katibu halisi asingewajua. Google haimwambii mtumaji nani ameripoti, na chombo chake cha watumaji, Postmaster Tools, hakionyeshi takwimu pale barua zinapokuwa chache kwa siku. Baadhi ya watoa huduma wengine, Yahoo na Microsoft wakiwemo, wana mpango wa kumrudishia mtumaji aliyejiandikisha taarifa za malalamiko. Ushirika haukujiandikisha popote.

Wanne waliripoti kwa kuwa hawakumkumbuka mtumaji. Wawili kati yao walikuwa kwenye daftari la Ipuli, yaani walikuwa wameomba. Hili ndilo jambo linalowaumiza watumaji wengi na wengi hulikataa: idhini iliyosahauliwa, machoni pa mpokeaji, ni sawa na idhini ambayo haikuwahi kutolewa.

Watatu waliripoti kwa sababu hawakuona mlango wa kutokea. Mwishoni mwa PDF, ukurasa wa tatu, paliandikwa: asiyetaka matangazo apige simu ofisini saa za kazi. Linganisha. Kupiga simu kunahitaji salio, kueleza na kusubiri. Kitufe cha taka ni mguso mmoja. Hapo mpokeaji hajakusudia kumshtaki mtu. Anataka barua zikome, na amechagua njia iliyo karibu.

Wawili waliripoti kuwa ni utapeli wa kuibia watu, kwa ile chaguo tofauti ambayo Gmail inaiweka kwenye menyu ya barua inapofunguliwa kwenye kompyuta. Sababu yao ilikuwa namba ya mweka hazina.

Mmoja alikuwa anafagia. Kuna watu ambao kila Ijumaa huweka alama kwenye barua zote wasizozisoma na kuziripoti kwa pamoja, ya asali ikiwa katikati ya matangazo ya viatu na mikopo. Hana ugomvi na asali.

Wa kumi na moja alikuwa ofisa wa shirika aliyewahi kukutana na katibu kwenye semina. Aliitambua anwani yake ilikotolewa, akakasirika, akaripoti, kisha akamwambia fundi wa ofisi azuie jina la kikoa la ushirika (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) kwa wafanyakazi wote. Huyu peke yake alifunga milango 40, na kizuizi cha ofisi hakionekani kwenye takwimu ya mtu yeyote.

Wengine karibu wote hawakufanya lolote. Walifuta au waliacha. Ukimya huo nao unahesabika: mfumo unapoona barua za mtumaji fulani hazifunguliwi, hazijibiwi na haziwekwi kando, unajifunza kuwa hazina mwenyewe.

Sasa hesabu. Kiwango cha malalamiko cha Gmail ni ripoti za watumiaji kugawanywa kwa barua zilizoingia kwenye vikasha, kwa siku. Google inawataka watumaji wakae chini ya asilimia 0.10 na wasifikie 0.30. Kwa barua 1,050, ripoti moja ni asilimia 0.095, mbili zimeshavuka mstari wa kwanza. Ripoti tatu ni 0.286. Nne ni 0.38. Watu wanne wasiokumbuka Ipuli wangetosha. Ushirika ulipata 11, yaani asilimia 1.05, mara tatu na nusu ya kikomo.

Mtumaji mdogo anapaswa kuikariri hesabu hii. Kampuni inayotuma barua milioni inaweza kubeba watu mia wenye hasira. Kikundi cha Tabora hakiwezi kubeba wanne.

Sifuri iliyodanganya

Barua ya pili ilikwenda wiki mbili baadaye, kwa orodha ile ile isipokuwa zile 318. Ripoti zilizofuata: hakuna. Katibu alisikia kuwa hakuna aliyelalamika, akachukulia kuwa watu wameizoea.

Zilikuwa zimekwenda taka karibu zote. Mtu hawezi kuripoti barua asiyoiona. Kitufe kinabonyezwa kikashani, na kikashani hapakuwa na kitu. Kiwango cha malalamiko kinachoshuka ghafla hadi sifuri, huku majibu na maagizo yakishuka pia, ni dalili mbaya kuliko malalamiko yenyewe. Kipimo cha kweli kwa mtumaji wa namna hii ni majibu: wangapi wameandika kuuliza bei? Baada ya barua ya kwanza waliuliza tisa. Baada ya pili, hakuna hata mmoja, na hapo ndipo katibu alipotakiwa kushtuka.

Profoma ya mteja ikatoka kwenye jina lile lile la kikoa, kupitia seva ile ile. Sifa mbaya haikubaki kwenye matangazo. Iligusa kila barua iliyobeba jina la ushirika.

Uchunguzi wa kiufundi

Fundi alianza pale panapofaa: alimwomba mteja wa Dar es Salaam afungue barua nyingine ya ushirika iliyokuwa bado kwenye folda ya taka, kwa kompyuta, abonyeze nukta tatu na kuchagua kuonyesha barua asilia. Ukurasa unaofunguka una mistari ya SPF, DKIM na DMARC juu kabisa. Kwa ushirika SPF ilisema PERMERROR, yaani rekodi yenyewe ina kosa. DKIM haikuwepo. DMARC haikuwepo.

SPF ni rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kosa la PERMERROR lilitokana na jambo dogo: kampuni ya seva iliweka rekodi moja inayoanza na v=spf1, na katibu, akifuata maelekezo ya huduma ya kutuma barua nyingi, akaongeza ya pili. Rekodi mbili za SPF kwenye jina moja hazijumlishwi. Zote zinakuwa batili. Dawa ni kuziunganisha ziwe mstari mmoja, seva zote zikitajwa ndani yake, kisha mwisho mmoja tu wa ~all au -all. Hesabu pia maneno include, a, mx na mengine yanayolazimu kuuliza DNS. Yakizidi 10, kosa ni lile lile.

DKIM ni sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua. Huduma ya kutuma ilikuwa imetoa ufunguo, lakini haukuwahi kubandikwa kwenye DNS. DMARC inaunganisha hizo mbili na anwani inayoonekana kwa mpokeaji, na inaweza kuanza kwa upole: v=DMARC1; p=none; ikifuatiwa na rua na anwani ya kupokelea ripoti. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila mtumaji awe angalau na SPF au DKIM, na anayetuma kuanzia barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail awe na zote tatu, pamoja na njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja. Ushirika haufiki 5,000. Tuliupa vyote hata hivyo, maana havina gharama zaidi ya saa moja ya fundi.

Fundi alikagua pia kama seva ya kupanga, inayotumiwa na tovuti nyingine nyingi, imo kwenye orodha za kuzuia za Spamhaus, shirika linaloorodhesha seva zinazotuma taka. Haikuwemo. Kama ingekuwemo, kosa lingeweza kuwa la jirani.

Marekebisho yalipokamilika, SPF ikasema PASS, DKIM ikasema PASS, na barua zikaendelea kwenda taka. Hapa katibu alivunjika moyo, na tunamwelewa. Rekodi hizi zinathibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Kama watu wameshasema hawakutaki, sasa mfumo una hakika zaidi ni nani asiyetakiwa.

Kilichofanywa na orodha

Faili la anwani 1,133 lilifutwa lote. Katibu aliomba apewe nafasi ya kuwatumia barua moja ya kuuliza kama wanataka kubaki. Tulikataa. Barua ya kuomba ruhusa kwa mtu ambaye hakutoa anwani ni tangazo la tatu kwake, na mitego haibonyezi "ndiyo".

Karatasi za mahudhurio nazo ziliondolewa. Walibakizwa watu 23 ambao katibu aliweza kueleza, kwa kila mmoja, lini walizungumza kuhusu asali. Hao waliandikiwa mmoja mmoja kama mtu anavyomwandikia mtu.

Daftari la Ipuli lilisafishwa kwanza: zilizorudi zikatolewa, wakabaki 371. Walioripoti hawakuweza kutolewa, maana Gmail haiwataji. Matangazo yote yalisimama wiki sita. Ndani ya wiki hizo wateja sita wa kudumu walipigiwa simu, wakaombwa mambo matatu: waingie folda ya taka na kuonyesha kuwa barua za ushirika si taka, wahifadhi anwani ya katibu kwenye majina ya simu, na wazijibu barua hata kwa neno moja. Mteja halisi anayejibu anasaidia kuliko rekodi yoyote ya DNS.

Matangazo yalihamishiwa kwenye jina dogo la kikoa lililo tofauti na la profoma. Utengano huu haufichi sifa mbaya, na anayeutumia kwa nia hiyo ataumbuka, lakini unapunguza madhara ya kosa la tangazo moja kwa biashara ya kila siku.

Kisha barua moja kwa wale 371, watu 50 kwa siku. Jina la mtumaji: Asali ya Ushirika, Tabora. Kichwa cha habari: Bei ya asali uliyoomba kwenye banda letu Ipuli. Ukiacha bei na viungo vya kujiondoa, barua nzima ilikuwa hivi:

"Ndugu, uliandika jina lako kwenye daftari la banda letu la asali wakati wa Nanenane, viwanja vya Ipuli, ukaomba tukujulishe bei. Ndoo ya lita 20, kilo 28, ni bei iliyo hapa chini ukichukulia Tabora mjini; usafiri wa kwenda mikoani unalipia mwenyewe. Ukitaka tuendelee kukuletea bei mara moja kila msimu, jibu NDIYO. Usipojibu hatutakuandikia tena. Katibu wa ushirika."

Hakuna kiambatisho wala namba ya kulipia. Malipo yanazungumzwa baada ya oda, na yanakwenda kwenye akaunti ya benki yenye jina la ushirika. Mteja akitaka kulipa kwa simu, anapewa lipa namba ambayo jina linalotokea ni la ushirika kabla hajaweka namba ya siri.

Kujiondoa kuliwekwa juu na chini ya barua, na pia kwenye sehemu ya kiufundi isiyoonekana, kwa mistari miwili: List-Unsubscribe yenye kiungo cha https, na List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click. Mistari hiyo lazima iwe ndani ya sahihi ya DKIM. Ikiwa sawa, Gmail inaweza kuonyesha neno la kujiondoa karibu na jina la mtumaji, na anayebonyeza kitufe cha taka anaweza kuulizwa kama anataka kujiondoa. Kiungo cha mguso mmoja hufanya kazi kwa ombi la POST, yaani ombi la kutuma taarifa, si la kufungua ukurasa tu, na kuna sababu: programu za usalama za ofisini hufungua viungo vyote vya barua ili kuvikagua, na kama kufungua tu kungetosha, zingewaondoa watu ambao hawakuomba. Google inataka ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Usimtake mtu aweke nywila au ajaze sababu za kuondoka.

Walijibu NDIYO watu 96. Waliobaki walifutwa, na hapo mwenyekiti aliumia kuona orodha ya 2,200 imekuwa 96, 23 na 6. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo orodha pekee ushirika uliyowahi kuwa nayo. Nyingine ilikuwa karatasi. Profoma zilianza kurudi kwenye vikasha taratibu, kwanza kwa wateja waliojibu mara nyingi.

Upande wa mpokeaji

Tumesema mengi kuhusu mtumaji, lakini kitufe kina uzito na kinastahili mkono wenye uangalifu. Unapoiripoti barua, Google inapokea nakala yake na inaweza kuichambua. Mtumaji yule anaanza kuonekana vibaya kwa wengine pia, si kwako tu.

Kama ulijiandikisha mwenyewe na umechoka, tumia njia ya kujiondoa kwanza. Ikishindikana, au barua zikaendelea, ripoti bila kusita. Kama hukuwahi kutoa anwani na barua imetumwa kwa halaiki, ripoti. Haijalishi bidhaa ni nzuri kiasi gani. Kama barua inajifanya benki, mamlaka ya kodi au mtu unayemfahamu na inataka namba ya siri au pesa, iripoti kama utapeli, usijibu, na usibonyeze hata kiungo kilichoandikwa "niondoe", kwa kuwa jibu lako linamthibitishia tapeli kuwa anwani ina mtu. Namba ya simu ya kitapeli iliyomo inaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Ipo barua ambayo hukuiomba na bado si taka: mfugaji mmoja wa Sikonge amekuandikia wewe, kwa jina lako, akitaja duka lako na kuuliza kama unanunua nta. Huyo anajibiwa "asante, hapana". Kumripoti ni kumfungia mlango mtu aliyebisha hodi.

Sheria

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kutuma matangazo ya biashara yasiyoombwa isipokuwa mlaji ameridhia, barua imemtaja mtumaji na lengo lake mwanzoni, na imempa nafasi ya kukataa nyingine. Anwani iliyopatikana katika mauzo au mazungumzo ya mauzo inaweza kutumika kwa bidhaa zinazofanana, mradi nafasi ya kukataa iwe kwenye kila barua. Daftari la Ipuli linaweza kutetewa kwa njia hiyo. Karatasi ya semina haiwezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inashughulikia wanaotuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na wanaoghushi taarifa za mtumaji. Juu ya hizo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023: taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja haichukuliwi tu ikatumiwa kwa jingine. Posho ni lengo moja. Asali ni jingine.

Daftari jipya

Kwa Nanenane inayofuata daftari limechorwa upya. Safu ya barua pepe ina visanduku, herufi moja kila kisanduku, na msichana wa bandani anaisoma anwani kwa sauti mgeni akiwa bado amesimama pale. Safu ya mwisho inauliza: tukutumie bei kwa barua pepe, ndiyo au hapana, na mgeni anaweka sahihi pembeni ya jibu lake. Ukurasa unapigwa picha kila jioni. Barua ya kwanza inatoka kabla siku saba hazijapita, na ndani yake kuna picha ndogo ya banda, isiyozidi KB 80, ili aliyeonja akumbuke alionja wapi.